Poti ya kifuani kwa mtu mnene: kwa nini sindano hukosa

Boti za asubuhi kutoka gati la Lamu kwenda Mokowe hubeba watu wa kila namna, na miongoni mwao hawakosekani wenye bahasha za hospitali mapajani. Shangazi yangu ni mmoja wao tangu alipopatikana na saratani ya titi. Siku moja tulipokuwa tukirudi, mama mmoja aliyeketi karibu nasi alimwona akijishika chini ya mtulinga, pale alipowekewa poti ya kupitishia dawa, akamuuliza kwa huruma kama ni kweli "wamemtia betri ya moyo". Mwingine akadakia kwamba kwa mtu mwenye mwili chuma kile hakifai, kwani nyama hukifunika kikapotea. Akasema anamjua mgonjwa aliyedungwa mara tano kwa siku moja, ikashindikana, akaambiwa akapunguze mwili ndipo arudi.

Maneno yale ya mwisho yalimuuma shangazi kuliko sindano yoyote aliyowahi kudungwa. Mimi yaliniuma pia, kwa sababu mna chembe ya kweli ndani yake. Poti ya mtu mnene huwa ngumu zaidi kuifikia, hilo sitalificha. Lakini haipotei, wala si kweli kwamba haimfai. Na mgonjwa wa saratani aliye katikati ya dawa kuambiwa akakonde kwanza ni kutwikwa mzigo ambao mara nyingi ungetuliwa kwa sindano ndefu kidogo na mkono uliotulia.

Basi tuanze na kitu chenyewe.

Poti ni kijisanduku cha duara kinachowekwa chini ya ngozi, aghalabu kifuani chini ya mtulinga wa kulia, kwa upasuaji mdogo. Upana wake haupiti sana sarafu ya shilingi ishirini, na kimo chake ni kama sarafu hizo tano au sita zikipandanishwa. Mwili wake ni wa titani au plastiki ngumu, na juu kina kizibo kinene cha silikoni, laini kama mpira. Ubavuni mwake hutoka mrija mwembamba unaopita chini ya ngozi, ukaingia kwenye mshipa mkubwa wa shingoni au wa chini ya mtulinga, ukateremka hadi karibu na pale mshipa mkuu wa juu unapomwaga damu kwenye moyo. Hakuna betri, hakuna umeme, wala mapigo ya moyo hayahusiki. Betri ya moyo ni kifaa kingine kwa maradhi mengine.

Wanaoikumbuka misikiti yetu ya zamani watanielewa upesi. Ulikuwa ukivuta maji kisimani, ukiyamimina kwenye kijihodhi kidogo, nayo yanapita mferejini ndani ya ukuta hadi kwenye birika la kutawadhia. Humimini birikani moja kwa moja. Poti ni kile kijihodhi, mrija ni mfereji, na birika ni mshipa mkubwa karibu na moyo.

Kwa nini basi dawa isipitie mkononi kama dripu ya malaria? Baadhi ya dawa za kimo, yaani kemotherapi ya saratani, kama doksorubisini na vinkristini, huunguza nyama zikivuja nje ya mshipa. Mishipa ya mkono ni midogo, na ikidungwa wiki baada ya wiki huwa migumu na kufunga. Kwenye mshipa mkuu damu hupita kwa wingi na kwa kasi, dawa ikachanganyika mara moja bila kukaa mahali pamoja ikachoma. Wapasuaji wa Marekani, John Niederhuber na wenzake, walichapisha maelezo ya poti ya namna hii mwaka 1982, na tangu hapo imeenea duniani.

Hapa nataka msomaji atue kidogo. Mtu mnene ndiye mara nyingi ambaye mishipa ya mkono haionekani wala haishikiki. Hudungwa hapa, hudungwa pale, mkono ukageuka rangi. Kwa hiyo anayeambiwa poti haimfai huenda ndiye anayeihitaji kuliko wote. Na mtu mwembamba naye ana taabu yake: ngozi yake huwa nyembamba juu ya poti, na huweza kumomonyoka hadi chuma kikachungulia. Mafuta ya chini ya ngozi huilinda poti na jambo hilo.

Kina cha maji na urefu wa upondo

Madaktari huhesabu unene kwa kugawanya kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Mwanamke wa kilo 90 mwenye urefu wa mita 1.60 hupata 35, na kuanzia 30 kwenda juu huitwa unene wa kupindukia. Huku kwetu neno hilo ni zito kulitamka, maana mwili kwetu ni alama ya kutunzwa. Bibi harusi hutakiwa anawiri, na mtu akikonda huulizwa kama ana dhiki nyumbani. Kisha mtu huyohuyo akipanda kitanda cha hospitali husikia mwili wake ukitajwa kama kosa alilolitenda. Nimemwona shangazi akivuta leso kujifunika huku sindano ya tatu ikitayarishwa, akiomba radhi. Anamwomba radhi nani, na kwa lipi?

Tena namba ile haimwambii muuguzi lile analotaka kulijua. Wanawake wawili wenye kilo sawa na urefu sawa, mmoja mwili wake umekaa nyongani na mapajani, mwingine kifuani na mabegani. Wa kwanza poti yake iko juujuu kama ya mtu wa kawaida. Wa pili imezama. Mzani hauwezi kuwatenganisha hawa, ila vidole vinaweza.

Mtu aliyekulia Lamu anaujua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi kwenye maji haba. Upondo una sharti moja: uguse chini. Usipogusa, hata uwe na nguvu za namna gani, chombo hakiendi. Na kina hakidumu kilivyo. Pale ulipopita na upondo mfupi wakati wa maji mafu, maji ya bamvua yakijaa utautumbukiza wote pamoja na mkono wako na chini hupafikii. Hakuna baharia anayeigombeza bahari kwa hilo. Hutwaa upondo mrefu.

Sindano ya poti ni upondo. Sharti ipite kwenye ngozi, ipite kwenye mafuta, ipenye kizibo cha silikoni, kisha igonge sakafu ngumu ya kile kijisanduku. Wauguzi wazoefu husema wanausikia mgongano huo mkononi, kama kijiko kinavyogusa chini ya kikombe. Isipogonga, haijafika.

Sindano zenyewe si za kawaida. Ukidunga mwanzi kwenye halua kisha ukautoa, utatoka na kipande cha halua ndani yake. Sindano ya kawaida hufanya hivyo kwenye silikoni: hutoka na kijipande, na baada ya mara kadhaa kizibo kinavuja. Ndiyo maana hutumika sindano ya Huber, ambayo ncha yake imepindwa kidogo ili ipasue bila kumega, na silikoni ikajifunga sindano inapotoka. Ralph Huber alikuwa daktari wa meno wa Seattle, Marekani, na alipata hataza ya sindano yake mwaka 1946, miaka mingi kabla poti hazijakuwepo. Kwa sindano hiyo, kizibo cha poti huweza kudungwa mara elfu moja na zaidi.

Urefu wa sindano hizi hutofautiana: robo tatu ya inchi, inchi moja, inchi moja na robo, inchi moja na nusu. Hapa ndipo mambo mengi yanapoharibikia. Chumba kikiwa na sindano za robo tatu ya inchi tu, au za inchi moja tu, muuguzi hutumia alichonacho. Mgonjwa mwenye kifua kizito akilala, muuguzi huikandamiza nyama kwa nguvu, sindano ikafika, damu ikarudi, kila mtu akashukuru. Halafu mkono unaondoka. Nyama iliyokandamizwa hujiinua irudi mahali pake, nayo huivuta sindano pamoja nayo. Kwa saa ya kwanza huenda kusionekane kitu. Mgonjwa akiinuka kwenda msalani, au akigeuka upande, ncha inachomoka kwenye silikoni na dawa inaanza kumwagika kwenye mafuta.

Ukisoma aya moja tu ya makala haya, naomba iwe hiyo iliyopita. Watu wengi hudhani sindano "imekosa" pale inapodungwa. Sindano fupi huweza kupata na bado ikakosa baadaye, mgonjwa akiwa peke yake na dripu ikiendelea kudondoka.

Ikiwa ndefu kupita kiasi nayo ina shida yake, ingawa ni ndogo zaidi: husimama juu ya ngozi, ikayumba kila mtu anapojongea. Hiyo husaidiwa kwa kuwekewa shashi safi chini ya mabawa yake, yaani vishikio vyake vya pembeni, ili isimame imara, kisha plasta ya uwazi juu.

Nimesikia wakisema sindano ndefu itatoboa pafu. Sakafu ya poti ni ngumu. Sindano iliyoingia kwenye poti haiwezi kupita. Hatari ingekuwepo kama mtu angeidunga kwa kubahatisha pembeni ya poti, na ndiyo sababu poti hutafutwa na kushikwa kwanza, ndipo sindano ikaja. Wengine huogopa kwamba sindano ndefu huuma zaidi. Maumivu makali yako kwenye ngozi, ambako neva ni nyingi. Mafuta ya chini yake hayana hisia nyingi hivyo. Inchi moja na nusu inayoingia mara moja huuma kidogo kuliko robo tatu ya inchi inayoingia mara nne. Pia ipo krimu ya ganzi ya kupaka kama saa nzima kabla, na si aibu kuiulizia.

Kuna bamvua pia katika mwili. Wagonjwa wa kimo wengi hupewa dawa za steroidi kama deksamethasoni au prednisoloni, ambazo huongeza hamu ya kula na kujaza maji mwilini. Mtu anaweza kunenepa katika miezi michache. Mwingine hukonda kwa kutapika na kukosa hamu. Sindano iliyomtosha shangazi mwezi wa kwanza haikumtosha mwezi wa sita, na hakuna aliyekuwa amekosea mwezi wa kwanza.

Kuitafuta

Muuguzi akishaosha mikono, akavaa barakoa na glavu safi, akasugua ngozi kwa klorheksidini na kuiacha ikauke yenyewe bila kuipepea, hutumia vidole vitatu vya mkono usioshika sindano kuizingira poti: kidole gumba, cha shahada na cha kati, mithili ya mafiga. Katikati ya mafiga hayo ndipo sindano inapoingia wima. Kwa mtu mwembamba kazi hii huchukua sekunde chache. Kwa mtu mnene mafiga yenyewe huteleza, kwa sababu poti inaweza kusogea ndani ya mafuta na kingo zake hazisikiki vizuri.

Hapo mkao wa mgonjwa hufanya kazi kubwa. Akilala chali kabisa, titi na mafuta ya kifua humiminikia upande wa kwapa na huweza kuiburura poti. Akiketi wima, vyote huteremka chini. Kwa wengi, kuegemea nusu kukaa nusu kulala, kichwa kikiwa kimegeuzwa upande wa pili na bega limerudishwa nyuma, ndiko hutandaza ngozi vizuri. Wapo ambao poti yao hushikika wakiwa wameketi tu, tena hao ndio mara nyingi wanaokosa pumzi wakilazwa chali. Njia nyepesi kuliko zote, na sijui kwa nini haifanywi kila mara, ni mgonjwa mwenyewe au jamaa yake kulishika titi na kulivuta taratibu chini au pembeni, ili ngozi ya juu ya poti inyooke na kubaki imenyooka mpaka sindano ifungwe kwa plasta.

Na hili linanipeleka kwenye stara. Wanawake wengi wa Lamu na Malindi hawawezi kusema mbele ya muuguzi mwanamume asiyemjua, "nilishike titi langu hivi?" Hukaza mwili, huvuta leso, na poti huzidi kujificha. Omba muuguzi wa kike ikiwezekana. Omba pazia. Nenda na binti, dada au wifi anayejua kazi yake ni kushika nini. Vaa dera lenye shingo pana au nguo yenye vifungo mbele, ili pafunuliwe pale panapohitajika tu. Muuguzi mwenye adabu hataona hilo kuwa usumbufu, kwani linampunguzia kazi.

Pale vidole vinapogota, altrasaundi, mashine ileile wanayotazamia mtoto tumboni, huonyesha poti iko wapi na iko chini kiasi gani. Kina kikishajulikana kwa milimita, urefu wa sindano huchaguliwa bila kukisia.

Wakati mwingine vidole huikuta poti lakini juu ni kugumu, hapana ule ulaini wa kizibo. Huenda imepinduka, uso ukatazama ndani. Hutokea zaidi palipo na mafuta laini mengi, na hutokea pia kwa mtu anayeichezea poti yake kwa vidole kila mara. Hapo hakuna sindano itakayoingia. Ni eksirei kwanza, na pengine upasuaji mdogo wa kuigeuza.

Mengi ya haya huweza kupunguzwa siku ile ile ya kuiweka. Mpasuaji anayefikiria mbele huiweka karibu na mfupa wa kidari au juu zaidi chini ya mtulinga, ambako mafuta ni haba, mbali na titi linaloweza kuivuta. Huishonea kwenye utando wa msuli isitembee. Au huiweka kwenye mkono wa juu badala ya kifuani. Pia hukumbuka kwamba mtu mwenye kifua kizito akisimama, mafuta huivuta poti chini na ncha ya mrija ikapanda juu sentimita kadhaa ndani ya mshipa. Picha iliyopigwa amelala haitaonyesha hivyo. Kama bado hujawekewa, muulize mpasuaji: "Utaiweka wapi, na nikisimama itakuwa wapi?" Sina shaka kwamba swali hilo linastahili dakika tano za muda wake.

Damu isiporudi

Kabla dawa yoyote haijatiwa, muuguzi huvuta kidogo aone damu. Damu ikirudi nyekundu na maji ya chumvi yakiingia bila ukinzani, njia iko wazi. Isiporudi, huenda sindano haijafika, au ncha ya mrija imelalia ukuta wa mshipa, au damu imeganda mdomoni mwa mrija. Mgonjwa huambiwa akohoe, avute pumzi, ainue mkono, ageuke, na mara nyingi damu huja. Kama ni damu iliyoganda, ipo dawa ya kuiyeyusha, alteplasi, ambayo huachwa ndani ya mrija kwa muda kisha ikavutwa.

Kisichofaa ni kusema "itapita tu" na kuanza kutia dawa ya kimo. Kwa dawa zinazounguza, hakuna damu, hakuna dawa. Wala maji hayasukumwi kwa nguvu. Hutumika bomba la sindano la mililita 10 au kubwa zaidi, kwa kuwa mabomba madogo hutoa shinikizo kali linaloweza kuupasua mrija.

Kwa mtu mnene jambo hili lina uzito wa peke yake. Dawa ikivuja kwa mtu mwembamba, ngozi huvimba upesi na kila mtu huona. Ikivujia ndani ya mafuta mengi, huweza kujificha kwa muda mrefu bila uvimbe kuonekana. Kinachotangulia ni hisia ya mgonjwa: kuwaka moto, kuchomwa, kubanwa, unyevunyevu chini ya plasta, au dripu iliyopunguza mwendo ghafla. Mwenye kuyahisi hayo aite muuguzi papo hapo, asingoje chupa iishe. Sisi watu wa pwani tumelelewa kustahimili na kutosumbua watu, nami naipenda sifa hiyo kila mahali isipokuwa kwenye kiti cha kimo. Muuguzi anapaswa kuisimamisha dawa kwanza, maswali yafuate.

Vivyo hivyo kwa maambukizi. Vijitabu vingi huandika "tazama wekundu". Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Tazama ngozi kuzidi kuiva au kung'aa, gusa kama pana joto kuliko upande wa pili, angalia maumivu na uvimbe. Kwenye mikunjo ya mwili jasho la Lamu hukaa, plasta hubanduka, vijidudu hupata nafasi; kaushia mikunjo kwa kitambaa safi na plasta ikibanduka sindano ikiwa ndani, rudi ikabadilishwe. Homa yenye kitapo, hasa baada ya poti kusafishwa, si malaria mpaka ithibitishwe. Ni safari ya hospitali usiku huohuo, na useme mlangoni kwamba una poti na uko kwenye kimo.

Maswali ya barazani

Kuoga, kutawadha, hata kuingia baharini havina shida kidonda kikishapona na sindano ikiwa haimo, kwani poti yote imefunikwa na ngozi. Sindano ikiwa ndani, pale pasilowe. Sidiria inavalika, ila mkanda usipite juu ya poti. Wapo wanaoshonea kijisponji. Poti haisambazi saratani. Haikai siku chache tu, bali huweza kukaa miaka. Kuhusu saumu siku ya dripu, muulize daktari na shekhe wako pamoja, usimwache mmoja wao nje.

Kupunguza uzito je? Daktari anaweza kulishauri kwa ajili ya sukari, presha au magoti, na ushauri huo una mahali pake. Lakini si sharti la kufikia poti, na kukonda haraka katikati ya kimo huweza kumdhoofisha mgonjwa.

Lililo zito kwa sisi wa visiwani ni kusafisha. Poti isiyotumika husafishwa kwa maji ya chumvi, na mara nyingine heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ili mrija usizibe. Desturi ya zamani ni kila wiki nne. Kwa mtu wa Lamu hiyo ni boti hadi Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen, Malindi, kisha Mombasa, malazi, na kurudi, kwa kazi ya dakika kumi. Wa Malindi ana nafuu ya kilomita 120 hivi kwenda Mombasa, naye pia hulipa. Vituo vingi duniani sasa huruhusu hadi miezi mitatu kwa poti isiyotumika, kwa hiyo muulize daktari wako kama wewe unaweza. Uliza pia kama kuna muuguzi karibu nawe aliyefunzwa kazi hiyo. Asiyefunzwa asiiguse, hata awe na nia njema, na asitumie sindano ya kawaida.

Shangazi alinunua kijidaftari kidogo dukani kwenye Usita wa Mui. Kila tunapotoka kliniki huandikwa humo mambo manne: tarehe, mkao aliokuwa nao, urefu wa sindano, na kama damu ilirudi. Wauguzi hubadilika zamu, faili hupotea, lakini kijidaftari huingia kwenye pochi yake pamoja na nauli.

Safari iliyopita tulimkuta muuguzi, binti mdogo ambaye hakuwahi kumhudumia. Alikwishatwaa sindano ya inchi moja. Shangazi akamfungulia ukurasa. "Mwanangu, soma hapa kwanza." Binti akasoma, akairudisha ile sindano kabatini, akatafuta nyingine. Akamwinua mgongo wa kitanda, akaniambia mimi nilishike titi upande wa chini, nikalishika. "Mama, vuta pumzi." Tukaisikia sote ilivyogonga, au pengine nilidhani naisikia. Damu ikarudi kwenye mrija, nyekundu, mara ya kwanza. Binti akaomba kalamu, akaandika mwenyewe: ameegemea, inchi moja na nusu, damu imerudi.